Mkwaruzo wa Gari Kando ya Ziwa

Watu wa pwani tumezoea kuilaumu chumvi. Gari likianza kuliwa na kutu chini ya milango, husemwa ni upepo wa bahari, na mnunuzi wa Nairobi akisikia kuwa gari limetumika Mombasa huinama kutazama uvunguni kabla hajataja bei. Kwa sababu hiyo, aliyehamia Sori, kwenye ghuba ya Karungu katika Kaunti ya Migori, huweza kudhani amesalimika, maana Ziwa Victoria ni la maji matamu. Ukweli wa dhana hiyo ni nusu. Chumvi huharakisha kutu, lakini kutu yenyewe haihitaji zaidi ya maji na hewa, na vyote viwili Sori vimejaa tele.

Gari la biashara katika mji wa wavuvi huteseka. Asubuhi hupakiwa magunia ya omena na masanduku ya sangara, ambaye huko huitwa mbuta, akiwa amefunikwa barafu. Jioni hubeba abiria. Kona ya sanduku hugusa mlango, msumari wa kibanda huacha mstari, na barabara za murram za upande wa Macalder hurusha kokoto. Kisha gari huoshwa ufukweni kwa kitambaa kilichoanguka mchangani, likaongezewa mikwaruzo badala ya kutakaswa. Barafu inapoyeyuka, maji hupita juu ya jeraha hilo kila siku.

Rangi ya gari ni nyembamba kuliko tunavyofikiri. Tabaka zote kwa pamoja, kuanzia ya msingi inayoshika bati hadi ile angavu ya juu, kwa kawaida hufika kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kina mama wanaoondoa rangi ya kucha kabla ya udhu wanaielewa kazi yake vyema: kile kinachoyazuia maji yasifike kwenye ukucha ndicho tunachokihitaji kwenye bati.

Basi kabla ya kumwita fundi, paoshe mahali palipochubuka, pakauke, kisha pitisha ukucha taratibu kukatiza mkwaruzo. Usiponasa, na mstari ukatoweka unapoloweshwa, kilichoguswa ni tabaka angavu peke yake. Dawa ya kusugulia inayouzwa katika maduka ya vipuri na kitambaa laini vinatosha. Dawa ya meno, ambayo wengi huisifu, nayo ina chembe za kusugua na husaidia kidogo, lakini haiwezi kitu kwa mkwaruzo unaonasa ukucha.

Ukucha ukinasa, chungulia ndani. Rangi ya kijivu mara nyingi ni ya msingi, na bado kuna nafasi. Iking'aa kama sufuria mpya, hilo ni bati lenyewe, na halifai kulazwa hivyo hata usiku mmoja wa mvua. Ikiwa duka liko mbali, ile rangi ya kucha isiyo na rangi huweza kuziba kwa siku chache. Bampa ya plastiki haishiki kutu. Hiyo na isubiri mwisho wa mwezi.

Matengenezo kamili yanataka subira. Kutu yote iondolewe kwa msasa mpaka bati lionekane safi, ipakwe rangi ya msingi, kisha rangi ya gari kwa tabaka nyembamba, kila moja ikauke, na mwisho ile angavu. Kando ya ziwa ni vyema kupaka asubuhi, kabla upepo haujaleta vumbi na wale wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi. Rangi isichaguliwe kwa macho, kwani weupe wa magari haufanani. Kwenye Toyota, namba yake imeandikwa katika kibati, baada ya herufi C/TR; 040, kwa mfano, ni nyeupe.

Tatizo kubwa ni fundi anayepaka puti na rangi juu ya kutu, na mwenye gari anayemwomba afanye hivyo ili auze haraka. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, vidole vikakutana na unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua, naye akaulizwa mbona hakukiweka juu watu wakakiona. Mlango uliopakwa juu ya kutu ni lundo lile lile: juu pakavu, chini pamelowa, na baada ya miezi rangi hufura kama andazi mikononi mwa mtu mwingine aliyetoa akiba yake.

Mnunuzi naye achukue sumaku ndogo, aivike kitambaa isikwaruze, aipitishe kwenye milango na juu ya magurudumu. Penye puti nene sumaku hushika kwa unyonge, au huanguka kabisa.