Moshi wa kuni, mapafu na moyo: kwa nini miguu huvimba?



Tukipita nyumba kwa nyumba tunakutana na akina mama wanaohema baada ya hatua chache, na jioni miguu imevimba. Wengine husema ni uzee, wengine wanasema wamerogwa. Chanzo kimoja ambacho watu wengi hawakifikirii ni moshi wa kuni waliouvuta kwa miaka mingi.

Je, ndani ya mapafu kunatokea nini?

Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Damu hupita kando yake ikichukua oksijeni. Kifuko kikikosa hewa, mishipa inayopeleka damu hapo hujibana, ili damu iende kwenye vifuko vyenye hewa. Hiyo ni kinga nzuri, kama ni sehemu ndogo na kwa muda mfupi.

Lakini moshi wa miaka mingi huharibu njia za hewa sehemu kubwa ya mapafu. Mishipa mingi hujibana kwa pamoja, miezi na miaka. Hapo chembe hai za ukuta wa mishipa hubadilika. Chembe za misuli hunenepa na kuongezeka, hata katika mishipa midogo ambayo kwa kawaida haina misuli. Ukuta unakuwa mnene na njia ya damu inakuwa nyembamba.

Upande wa kulia wa moyo ndio unaosukuma damu mapafuni. Unalazimika kutumia nguvu zaidi, unatanuka, mwishowe unachoka. Ndipo maji hujaa miguuni na tumboni. Kipimo cha presha cha mkononi hakionyeshi presha hii ya mapafuni.

Tufanye nini?

- Pika nje, au jikoni penye nafasi ya kutosha ya kutolea moshi.
- Usimbebe mtoto mgongoni unapopika.
- Kausha kuni, loweka maharage tangu usiku, funika sufuria. Moto utawaka muda mfupi.
- Acha sigara.
- Ukikohoa wiki mbili au zaidi, kapime kifua kikuu. Nacho huharibu mapafu.

Nenda kituo cha afya ukivimba miguu, kwani huweza pia kutokana na figo au ujauzito. Mtu akihema hata akiwa amekaa, au midomo ikawa ya bluu, apelekwe mara moja, mchana au usiku.

Ukuta wa mshipa ukishanenepa haurudi kirahisi. Kinga ni bora kuliko tiba.