Kumumunyika si Kuyeyuka: Istilahi za Kemia na Hisabati Darasani

Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, istilahi nyingi za sayansi na hisabati zimeundwa, zikasanifiwa na kutiwa vitabuni. Lililozungumzwa kwa uchache ni jambo linalofuata baada ya hapo, yaani namna mwalimu anavyoifungua istilahi mbele ya wanafunzi wake. Istilahi isiyofunguliwa hukaririwa tu. Mwanafunzi huenda nayo ikiwa tupu hadi sekondari, ambako masomo haya hufundishwa kwa Kiingereza, na huko hulaumiwa kwa kutojua Kiingereza, kumbe asilolijua ni kemia.

Mtu akitia sukari katika chai na kuikoroga, husema sukari imeyeyuka. Barafu ikiachwa juani, husema vilevile kwamba imeyeyuka. Nyumbani hapana dosari, kwani neno moja linatosha. Darasani halitoshi, kwa kuwa mambo haya ni mawili. Barafu inapoyeyuka kitu ni kimoja tu: maji yaliyokuwa yabisi yamekuwa kimiminika kwa sababu ya joto. Sukari iliyomo katika chai haikugeuzwa na joto kuwa kimiminika. Chembe zake zimeachana na kutawanyika miongoni mwa chembe za maji. Hapa vitu ni viwili, na pasipo cha pili, cha kwanza kingebaki kama kilivyo.

Chumvi ya mezani huidhihirisha tofauti hii zaidi. Ili iyeyuke, yahitaji joto la nyuzi 801 za Selsiasi. Lakini mpishi huitia katika maji baridi, akakoroga kidogo, na haionekani tena. Gramu 100 za maji yasiyotiwa moto hupokea gramu 36 hivi za chumvi. Inayozidi hapo hutuama chini ya chombo. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba chumvi "imeyeyuka" katika maji, na mwezi ujao akaambiwa kwamba chumvi "huyeyuka" kwa nyuzi 801, ana haki kabisa ya kuchanganyikiwa.

Kwa sababu hiyo tunapendelea kitenzi kumumunyika na nomino mmumunyo. Maneno haya hayakutoka mbali. Mtoto aliyewahi kumumunya pipi anaijua dhana yenyewe: pipi haikutafunwa wala haikuchomwa, nayo imekwisha, na mate yamekuwa matamu. Utamu ule ni ushahidi kwamba pipi haikupotea. Mwalimu aanzie hapo, kisha awaeleze wanafunzi habari za Uvinza, mkoani Kigoma, ambako kwa karne nyingi watu wamepata chumvi kwa kuchemsha maji ya chemchemi za huko. Maji hutoka kwa mvuke, chumvi ikabaki chunguni. Kilichomumunyika chaweza kurudishwa.

Vitabu vingine hutumia myeyusho kwa dhana hiyohiyo. Neno hilo laeleweka, ila linamrudisha mwanafunzi kwenye mkanganyo uleule tuliotaka kumwondolea. Ikiwa mfasiri amelikuta katika kitabu cha darasa la chini na analitaka, basi angalau asilichanganye na mmumunyo katika sura moja. Kwa upande mwingine, hatuoni sababu ya kuilazimisha istilahi hii mahali pasipoihitaji. Karatasi ya maelezo kwa mama anayemtengenezea mtoto maji ya chumvichumvi yenye sukari haina haja ya neno la maabara; "koroga mpaka isionekane" yatosha, na huenda ikaokoa mtoto upesi zaidi.

Katika hisabati taabu ni ya namna nyingine. Huko maneno mengi yameundwa kwa ustadi mkubwa, ila ustadi wenyewe umefichika ndani ya irabu moja. Kigawo na kigawe ni mfano. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Vigawe vyake ni 12, 24, 36 na kuendelea bila kikomo. Mwanafunzi anaulizwa KDS ya 4 na 6, anaandika 2, na mwalimu anatia mkasi. Hesabu yake ilikuwa sahihi: 2 ni kigawo kikubwa cha shirika. Alichoulizwa ni kigawe kidogo cha shirika, ambacho ni 12. Amekoseshwa na irabu.

Lakini irabu hiyo ina kanuni, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anaitumia bila kufikiri. Kizibo ni cha kuzibia, kifuniko ni cha kufunikia. Basi kigawo ni cha kugawia. Mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa. Basi kigawe ni kigawiwacho. Dakika tano za sarufi ndani ya kipindi cha hisabati zingeokoa majibu mengi. Tunajua kwamba baadhi ya walimu wa hisabati huona sarufi kuwa kazi ya mwenzao wa chumba cha pili. Nasi twaona kwamba hapa ni kazi yao.

Namba tasa haihitaji sarufi, kwani taswira yake yaonekana, ingawa inasema nusu tu ya habari. Namba hizo hazina vigawo ila 1 na zenyewe, na kwa maana hiyo ni tasa kweli. Hata hivyo, kila namba nzima iliyozidi 1, isiyo tasa, imezaliwa na namba tasa kwa kuzidishana. Mwalimu mchangamfu ataifurahia kinza hiyo pamoja na darasa lake.

Kipeo na kipeuo navyo hufunguka kwa njia ya sarufi. Funga huwa fungua, ziba huwa zibua. Kiambishi kile cha kutengua ndicho kilichomo katika kipeuo. Kipeo cha pili cha 7 ni 49. Tengua, na kipeuo cha pili cha 49 ni 7. Mwalimu aandike jozi hizi tatu ubaoni, fungua chini ya funga, zibua chini ya ziba, kipeuo chini ya kipeo, kisha awaache wanafunzi waseme wenyewe kipi kinatengua kipi, kabla hajawafundisha alama ya kipeuo.