Mstari wa chini katika barua ya pole

Usiku wa Februari 13, 2023, mtu mwenye silaha aliwaua wanafunzi watatu na kuwajeruhi wengine watano katika Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani. Siku tatu baadaye, mamia ya kilomita kutoka hapo, ofisi moja ya Chuo cha Peabody, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, iliwatumia watu wake barua pepe ya pole. Ilifanana na barua ambazo ofisi kubwa huandika penye msiba: tushikamane, tusikilizane, tujenge mazingira salama ambamo kila mmoja anajiona ni wa humo. Aliyeipitia haraka asingeona kasoro. Lakini chini yake kulikuwa na mstari mmoja ulioeleza kwamba maneno hayo yametokana na ChatGPT, programu ya akili unde ya kampuni ya OpenAI, na mbele ya tarehe yakawekwa maneno mawili: "mawasiliano binafsi".

Maneno hayo mawili ndiyo yanayonasa. Aliyewahi kuandika tasnifu anayajua. Mwanataaluma huyaweka pale anapotumia jambo aliloambiwa na mtu kwa barua, kwa simu au kwa mazungumzo, jambo ambalo msomaji hawezi kwenda kulitafuta maktaba. Yanamaanisha kwamba watu wawili walizungumza. Aliyeandika mstari ule alikuwa akitii nidhamu ya usomi, nayo inasema usijitwalie maneno ya mwingine bila kutaja ulikoyapata. Katika barua nzima, iliyotaja matukio ya risasi kwa wingi ilhali lilikuwa tukio moja, huenda huo ndio mstari pekee ulioandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria anachokifanya. Na ndio ulioiponza ofisi. Gazeti la wanafunzi liliibua habari hiyo, hasira zikapanda, siku moja tu baada ya barua kutumwa ofisi ikaomba radhi na kukiri kwamba uamuzi ule ulikuwa mbovu, na viongozi wake wawili wakakaa kando kwa muda. Wangeuacha mstari ule nje, barua ingepita kama zinavyopita nyingine zote.

Barua ile iliwalenga hasa wanafunzi, lakini swali lake limeshaingia ofisini. Lililokuwa kosa la aibu mwaka 2023 sasa ni huduma inayouzwa. Katika Outlook ya Microsoft, Copilot humwandikia meneja barua pepe, na meneja huchagua sauti anayoitaka, ya kirafiki au rasmi, kisha hubonyeza kutuma. Mifumo ya rasilimali watu inaahidi kwamba kila mfanyakazi atapata ujumbe wake mwenyewe, wenye jina lake, cheo chake na miaka aliyotumikia, hata kama wafanyakazi ni elfu kumi. Inavyofanya kazi si siri: taarifa zilizomo kwenye jalada la mfanyakazi huingizwa katika maelekezo, na mashine hutunga sentensi zinazozizunguka. Hoja ya makala hii ni kwamba neno "binafsi" limebebeshwa vitu viwili tofauti hapo. Kuna ujumbe unaokuhusu wewe, na kuna ujumbe unaotoka kwa mtu. Akili unde inauweza ule wa kwanza, tena vizuri. Ule wa pili inauiga tu.

Ule wa kwanza usidharauliwe. Mfanyakazi wa ghala aliyepewa waraka wa kurasa nyingi kuhusu bima ya afya, kwa Kiingereza cha wanasheria, amenyimwa haki yake kwa adabu. Anachotaka kujua ni kama mtoto wake wa nne anahudumiwa, siku ngapi za likizo zimebaki, zamu yake ya Jumamosi imehamishiwa wapi, na mafao yake yatakokotolewaje akistaafu mwakani. Programu inayoweza kuuchambua waraka huo na kumjibu kwa Kiswahili chepesi, kwa kumtazama yeye na si wafanyakazi wote kwa jumla, inamfanyia jambo ambalo ofisi nyingi hazijawahi kumfanyia. Hapo hakuna anayetafuta moyo wa bosi kwenye ratiba ya zamu. Anatafuta jibu sahihi, na jibu lisipokuwa sahihi awepo mtu wa kulirekebisha. Anayepinga akili unde hata hapa anatetea usumbufu.

Kuhusu ule wa pili, shahidi mzuri ni fundi aliyeijenga mashine ya kwanza ya aina hii. Joseph Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923 na kukimbilia Marekani na familia yake mwaka 1936 Wanazi walipokuwa madarakani. Akiwa mhadhiri wa MIT alichapisha mwaka 1966 maelezo ya ELIZA, programu iliyozungumza na mtu kwa maandishi mithili ya mtaalamu wa tiba ya nafsi. Mbinu yake ilikuwa nyepesi mno. Ilitafuta neno kuu katika sentensi yako, ikageuza "mimi" kuwa "wewe", kisha ikakurudishia maneno yako mwenyewe kama swali. Ukimtaja mama, ilikuuliza habari za familia. Isipokuta neno inalolijua, ilikuomba uendelee. Haikuelewa chochote, na Weizenbaum alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Kilichomshtua ni katibu wake. Mama huyo alikuwa amemwona akiitengeneza programu hiyo kwa miezi, na alijua fika ni mashine. Baada ya kubadilishana nayo sentensi chache tu, alimwomba Weizenbaum atoke nje ya chumba.

Weizenbaum hakulichukulia jambo hilo kama ushindi. Wakati huohuo walikuwapo matabibu walioona fursa. Kenneth Colby, daktari wa akili, alipiga hesabu kwamba mfumo wa kompyuta ungeweza kuhudumia wagonjwa mia kadhaa kwa saa. Ni hesabu ileile ya mauzo ya leo, isipokuwa mgonjwa amekuwa mfanyakazi. Weizenbaum aliijibu kwa kitabu kizima mwaka 1976, na jibu lake halikuwa kwamba mashine haitaweza. Alikuwa tayari kukubali kwamba huenda itaweza. Alichosisitiza ni kwamba yapo mambo ambayo haifai kukabidhiwa mashine hata ikiyaweza, na aliyataja kuwa yale yanayodai heshima, kuelewana na upendo baina ya watu. Baadhi ya wenzake walimpinga vikali. Aliendelea kuyasema hayo hadi alipofariki mwaka 2008, na hadi leo sijaona hoja iliyomwangusha.

Atauliza msomaji: je, wakubwa hawajaandikiwa barua na makatibu wao tangu zamani? Na nje ya posta zetu, hawakuwapo waandishi wa barua waliolipwa kumwandikia asiyejua kusoma? Ni kweli, lakini mwandishi wa posta alikuwa na mtu amesimama mbele yake. Mama alisema anachotaka mwanawe akisikie, mwandishi akakipanga, akamsomea, mama akasema hapana, hilo liondoe. Kalamu ilikuwa ya mwingine, maneno yakabaki ya mama. Katibu naye humuuliza bosi: huyu aliyefiwa, unamfahamu? Mlango mwingine wa pingamizi ni kasi, na huo ulishapitiwa. Mwishoni mwa 2004 Donald Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alikiri kwamba hakuwa akizitia saini mwenyewe barua zote za rambirambi kwa familia za wanajeshi waliouawa, barua zaidi ya elfu moja. Sababu aliyoitoa ni kwamba familia zifikiwe upesi. Maneno ya barua hayakuwa na dosari. Kilichoziumiza familia ni kwamba mkono wa aliyewapeleka watoto wao vitani haukugusa karatasi, na Rumsfeld aliahidi kwamba tangu hapo atasaini kila moja.

Pingamizi gumu zaidi ni la yule katibu wa Weizenbaum. Kama mpokeaji anafarijika, nani amwambie faraja yake si halali? Hapa sina jibu safi. Wapo mameneja ambao barua zao za mkono ni baridi kuliko za mashine, na yupo mfanyakazi ambaye ujumbe wa programu utakuwa ndio pole pekee atakayoipata mwezi huo. Lakini katibu wa Weizenbaum alijua anaongea na nini na alichagua mwenyewe. Mfanyakazi anayepokea pole yenye jina la mkurugenzi hajachagua. Ameaminishwa kwamba kuna mtu aliyeketi dakika tano akamfikiria, na dakika hizo hazikuwapo. Kisha kuna gharama anayoilipa bila kujua: ili pole iwe ya joto, mashine lazima ielezwe nani amekufa, kwa ugonjwa gani, na mfiwa alikosa siku ngapi kazini. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na Umoja wa Ulaya umepiga marufuku mifumo ya kusoma hisia za wafanyakazi kazini, ukiacha sababu za tiba na usalama. Hayo ni mazuri, lakini marufuku hiyo ya Ulaya inahusu mashine inayosoma huzuni ya mfanyakazi. Mashine inayoijibu huzuni hiyo kwa jina la bosi haikuguswa nayo.

Kwetu pole haijawahi kuwa maandishi kwanza. Ofisini tanzia ikisomwa, mchango hupitishwa, majina huandikwa kwenye daftari, na mfiwa hukumbuka kwa miaka nani alifika akaketi chini ya turubai na nani alituma bahasha tu. Mkurugenzi wa watu elfu kumi hawezi kufika kote, na hakuna anayemdai hivyo. Msimamizi wa zamu anaweza, au anaweza kupiga simu, au kuandika mistari miwili mibovu ya kwake. Nafuu ya kumpunguzia msimamizi huyo makaratasi ili apate nafasi hiyo ndiyo akili unde ingepaswa kuileta. Badala yake ofisi nyingi zitaitumia kuokoa hata hiyo mistari miwili.

Ofisi zilizofuatilia kisa cha Vanderbilt zilijifunza nini? Huenda zipo zilizoamua kuandika pole zenyewe. Huenda zipo pia zilizoamua tu kuufuta mstari wa chini. Na mfanyakazi anayefungua barua pepe Jumatatu asubuhi, akitoka mazikoni, hana njia ya kujua ipi kati ya ofisi hizo ndiyo yake.