Kijana Aliyefaulu Sayansi Aende Wapi?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kijana aliyefaulu sayansi huambiwa na ukoo mzima awe daktari. Akikosa alama za udaktari, huambiwa awe mwuguzi. Akikosa na hizo, basi, arudi shambani! Kumbe iko kazi nyingine ambayo wengi wetu tumeiona pasipo kuijali: kazi ya yule anayetuambia tuvute pumzi tusitikisike, akapiga picha ya kifua.

Kazi hii asili yake ni Ujerumani. Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Profesa Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ipenyayo nyama ya mwili. Mwezi uliofuata akaupiga picha mkono wa mkewe. Mifupa ikaonekana, hata na pete yake.

Msidhani kwamba mpiga eksirei hubonyeza kidude tu. Mfupa uliovunjika huupiga picha kwa pande mbili, maana ufa uliojificha upande mmoja huonekana upande wa pili. Mionzi huipima: ikizidi yadhuru, ikipungua mno picha haisomeki. Mwanamke humwuliza kwanza kama ana mimba.

Wako wazazi wanaoogopa kwamba binti akifanya kazi hiyo hatazaa. Hofu hiyo isimzuie, mradi afuate sheria za kinga. Husimama nyuma ya kizuizi chenye madini ya risasi, na kifuani huvaa kipimo kidogo kinachoonyesha mionzi iliyomfikia.

Tena mlango huu una vyumba vingi. Akiisha kujifunza eksirei, aweza kuendelea na mashine ya siti skani, au MRI itumiayo sumaku, au ultrasaundi itumiayo mawimbi ya sauti kumtazama mtoto tumboni. Hizi mbili za mwisho hazina mionzi ya eksirei kabisa. Wengine husomea kutibu saratani kwa mionzi, kama ifanyikavyo Ocean Road, Dar es Salaam. Wengine hufundisha vyuoni, au hukagua usalama wa mashine. Kuzitengeneza zikiharibika ni ufundi mwingine wenye masomo yake, na mafundi wake wanatafutwa sana.

Stashahada ya eksirei huchukua miaka 3. Hufundishwa Muhimbili, na pia katika chuo kikuu cha Kanisa kilichoko Bugando, Mwanza. Hudaiwa ufaulu wa fizikia, kemia na biolojia. Hapo ndipo watoto wetu wanapojifungia njia: wafikapo kidato cha tatu huiacha fizikia kwa kuwa ni ngumu, na wazazi hatuulizi. Tuulize mapema, kabla ya kuchagua masomo.

Na kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya karo, hakikisha kwamba chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa. Vyuo vya ufundi huandikishwa na NACTVET, vyuo vikuu na TCU. Anayekuhimiza ulipe leo leo, kabla hujauliza, mwache aende zake.