Maziwa ya Mgando na Wavu Usioonekana

Issuna, mkoani Singida, kama penginepo penye mifugo, maziwa mabichi yakiachwa chomboni siku moja au mbili huganda. Maji, ambayo ni kiasi cha asilimia 87 ya maziwa, bado yamo yote, lakini hayamiminiki tena. Yameshikwa na nini?

Yameshikwa na kaseini. Protini hii huelea katika maziwa kwa mafungu ya tufe yenye kipenyo cha nanomita 150 hivi. Nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Chaji hasi zilizo juu ya mafungu huyazuia yasishikane. Bakteria wageuzapo sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, pH hushuka kutoka 6.7 hadi karibu 4.6. Chaji hupungua, na mafungu hujiunga yenyewe kuwa wavu. Kitu laini cha namna hii huitwa jeli.

Wavu huu wachunguzwaje bila kuharibiwa? Darubini ya kawaida haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Darubini ya elektroni yaweza, lakini hufanya kazi katika ombwe, na jeli ikikaushwa wavu hujikunja. Hivyo sampuli hupoozwa ghafla kwa baridi kali. Hata hivyo, picha huonyesha sehemu ndogo tu.

Njia ya pili ni mtawanyiko. Eksirei hupitishwa katika jeli ikiwa na maji yake. Vitu vikubwa hutawanya mnururisho kwa pembe ndogo, vidogo kwa pembe kubwa. Vipimo vya pembe zote hutoa wastani wa sampuli nzima. Lakini miundo tofauti yaweza kutoa vipimo vinavyofanana. Kwa hiyo njia hizi mbili husahihishana.

Uchunguzi huu una faida nyumbani. Mara nyingi joto jingi hugandisha maziwa haraka na kufanya wavu wenye matundu makubwa, unaoachia maji kwa urahisi. Chombo kikikaa mahali pa baridi, mgando huchelewa, lakini huwa laini na hushika maji yake.

Jaribio: Tia matone machache ya maziwa katika bilauri ya maji, gizani, kisha uimulike kwa tochi. Ukitazama kwa ubavuni, rangi huelekea buluu. Ukiielekea tochi, huelekea manjano. Nuru ya buluu, yenye mawimbi mafupi, hutawanywa zaidi. Hivyo mtawanyiko hudokeza udogo wa chembe ambazo jicho haliwezi kuziona.