Pini Ikikatikia Tunduni

Simu inasema hedifoni imechomekwa, na hedifoni yenyewe umeishika mkononi, imekatika pini. Alama yake imeganda juu ya kioo. Mtu akikupigia unapokea, lakini husikii kitu. Yeye pengine anakusikia vizuri ukisema "haloo, haloo" mpaka anachoka na kukata. Ukicheza muziki, kimya. Hata programu ya redio inaweza kufunguka kana kwamba waya upo, kisha ikakupa kelele tupu, kwa sababu antena yake ilikuwa ule waya wa hedifoni, na waya huo sasa uko mezani.

Kipande kile hutoka, tena mara nyingi bila kufungua simu. Kinachowaponza watu si pini iliyokatika bali sindano, wembe na supagluu vinavyoifuata dakika tano baadaye. Kwa hiyo tuanze na namna pini na tundu vilivyoundwa, ndipo tushike kibano.

Pini ya hedifoni ukiitazama haraka utadhani ni ufito mmoja wa chuma. Sivyo. Unene wake ni milimita 3.5, na sehemu inayoingia tunduni ina urefu wa kama milimita 14. Katikati hupita kijiti chembamba cha chuma kinachofika hadi kwenye ncha. Kijiti hicho kimevikwa bomba la plastiki, juu yake bomba la chuma, tena plastiki, tena chuma, kama sufuria za seti zilizoingizwa moja ndani ya nyingine. Kila bomba la chuma hujitokeza kwa nje kama pete, na mistari ile unayoiona kati ya pete, mara nyingi myeusi, ndiyo plastiki inayozuia umeme usivuke. Ukihesabu mistari miwili, hiyo ni hedifoni ya kusikiliza tu: sauti ya kushoto, ya kulia, na waya wa pamoja. Mitatu maana yake kuna na maikrofoni.

Mzee wa ukoo huu ni pini nene ya milimita 6.35, iliyotumika tangu karne ya 19 kwenye mitambo ya simu, enzi ambazo mhudumu aliketi mbele ya ubao wenye matundu na kuwaunganisha watu kwa kuchomeka na kuchomoa waya. Pini hiyo bado unaikuta kwenye magitaa, vinanda na mikisa za makanisani. Ile nyembamba ilizoeleka kwenye redio ndogo za transista, na Walkman ya Sony, iliyotoka mwaka 1979, ikaisambaza duniani pamoja na sauti ya masikio mawili. Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu hili kwenye iPhone 7, na kampuni nyingine nyingi zikafuata kwa simu zao za bei kubwa. Katika simu za bei nafuu tundu bado lipo, na kwa msikilizaji wa redio wa huku kwetu lina maana yake: asiyetaka kula bando kwa kusikiliza taarifa ya habari huchomeka waya, na FM inashika.

Tatizo la muundo wa mabomba ni kwamba penye mstari mweusi bomba la nje limekoma. Hapo uimara wote unabebwa na plastiki pamoja na kile kijiti cha katikati, ambacho ni chembamba kuliko unavyodhani. Simu ikianguka kwa upande wa pini, au ukiikalia ikiwa mfukoni, kichwa cha plastiki kilichobaki nje hugeuka wenzo, na nguvu yote hukusanyika mdomoni mwa tundu. Pini hukatika ama hapo mdomoni, ama kwenye mmoja wa mistari. Kuna na aina ya tatu, ya pini za bei ya chee: hakuna aliyeangusha wala aliyekalia chochote, ncha imelegea tu kwa kuchomekwa na kuchomolewa, na siku moja unavuta waya unatoka bila ncha. Wapiga vinanda wanaijua hii vizuri.

Sasa tundu. Ndani yake kuna vilimi vya springi, kila kimoja kikigusa pete yake. Nyuma ya ncha ya pini pana shingo, na kilimi kimoja huingia kwenye shingo hiyo. Mlio mdogo wa "tak" unaousikia pini inapofika mwisho ndio huo. Kilimi hicho ndicho kinachokishikilia kipande chako. Hakuna gundi wala skrubu, ni kilimi kimoja tu kilichokaa shingoni, na nguvu ya kukitoa ni ileile uliyoizoea kila siku ulipochomoa hedifoni. Kinachokosekana ni mahali pa kushika.

Tundu lina pia swichi, mara nyingi jirani na ncha, na ndiyo sababu kipande cha ncha peke yake kinatosha kuidanganya simu. Hapa lakini kuna tofauti kati ya vyombo. Katika redio ya kawaida, pini inapoingia husukuma kilimi na kukata njia ya waya wa spika, kukata kwelikweli. Katika simu, swichi inaipa chipu habari tu, na programu ndiyo inayoamua sauti iende wapi. Redio huwezi kuibembeleza kwa programu. Simu unaweza, na nitalirudia hilo.

Kitu cha kwanza basi ni kuzima simu, kuwasha tochi na kutazama. Umeme unaopita humo ni mdogo mno, hauwezi kumdhuru mtu, lakini hakuna haja ya kugusisha vilimi kwa chuma huku bodi ina moto. Chukua kile kichwa kilichobaki mkononi, kiweke kando ya pini nzima ya aina ileile, yenye mistari idadi ileile, ulinganishe. Kilichopungua ndicho kilicho ndani. Tazama pia sura ya mkato. Je, kuna kijiti kinachojitokeza katikati? Kuna kishimo? Au ni bapa, chuma na plastiki vimekatika sawasawa? Majibu ya maswali haya ndiyo yanayochagua njia, wala si video uliyoiona jana.

Majaribio mawili ya bure tuyaondoe. La kwanza ni kutikisa, kupuliza au kunyonya kwa mdomo: kilimi hakitishwi na pumzi. La pili ni sumaku. Pini nyingi ni shaba njano iliyopakwa nikeli au rangi ya dhahabu, na shaba njano haivutwi na sumaku. Kama huamini, jaribu kwenye kipande ulichonacho mkononi. Hata kikivutwa, sumaku inayoweza kuingia kwenye tundu la milimita 3.5 haina nguvu za kukishinda kilimi.

Pini iliyokatikia mdomoni, yaani karibu nzima imebaki ndani, ni kesi nyepesi. Ikijitokeza japo kidogo, kibano chenye ncha nyembamba kinatosha. Ishike imara, uizungushe taratibu, inazunguka kwa sababu ni ya duara na vilimi vinateleza juu yake, huku ukivuta kwa mstari ulionyooka. Usiitikise kushoto na kulia. Kutikisa ni kurudia kosa lililoivunja, na safari hii kinachopinda ni kilimi.

Ikiwa imezama lakini mkato umeacha kijiti kimechomoza katikati, kalamu ya wino ndiyo kifaa chako. Toa mrija wa ndani, ule wa wino, ukiwa umeisha au umesafishwa. Katika kalamu nyingi za bei nafuu mrija huo ni mwembamba wa kutosha kuingia tunduni. Pasha mdomo wake joto kidogo mbali na moto, mpaka ulainike bila kuyeyuka, uupanue kwa ncha ya sindano, kisha uusukume juu ya kile kijiti na uuache upoe hapohapo. Plastiki ikipoa hubana. Vuta wima, polepole. Mara ya kwanza inaweza kuteleza. Kata mdomo wa mrija uanze upya, kwani hujaharibu kitu. Hiyo ndiyo sababu ninaipenda njia hii: ikishindwa, tundu linabaki kama lilivyokuwa, na fundi atakayefuata hatakulaani.

Supagluu ndiyo ushauri wa kwanza unaopewa na kila mtu, nami naiweka mwisho. Gundi hii ni nyepesi, na kitu chepesi kikikuta mwanya mwembamba hujivuta chenyewe kuingia ndani yake. Kati ya pini na ukuta wa tundu kuna mwanya wa aina hiyohiyo. Tone moja la ziada linapita pembeni, linafika kwenye vilimi, na kipande kilichokuwa kimeshikwa na springi moja sasa kimeshikwa na tundu zima. Isitoshe, supagluu hukaushwa na unyevu. Kwenye hewa ya Mombasa au Zanzibar hukushika upesi kuliko ulivyopanga, kabla hujanyoosha kijiti cha meno ulichopaka gundi.

Mtu akiamua kuitumia licha ya hayo, kwa sababu mkato ni bapa na hakuna pa kushika, basi atafute ile nzito ya aina ya jeli, si ya maji. Achukue kijiti cha meno, akikate ncha iwe bapa, kipite tunduni bila kugusa kuta. Ajaribu kwanza kikiwa kikavu. Kisha apake gundi kwenye uso wa ncha tu na kufuta iliyozidi, ageuze simu tundu litazame chini, na aingize kijiti kutokea chini kwenda juu, ili gundi ikitaka kuchuruzika ishuke kwenye kijiti. Agusishe, atulie, asizungushe. Aache dakika kumi, ndipo avute. Kikiachia bila kutoka na kipande, nashauri aishie hapo: jaribio la pili linakuta uso uliokwisha kupakwa gundi kavu, na kila tone jipya lina nafasi kubwa ya kwenda pembeni. Wala asimimine asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, kwa nia ya kuyeyusha gundi. Itayeyusha kweli, lakini inaweza kudhuru na plastiki.

Wako wanaochoma pini ya karatasi kwenye moto na kuidunga kwenye plastiki ya mkato, ikipoa wavute. Hufaa pale tu plastiki ipo katikati, jambo ambalo si la kawaida, maana katikati ndiko kijiti cha chuma kilipo. Kutoboa kwa keekee ndogo ya mkono ni kazi ya fundi mwenye lenzi.

Na kama kilichobaki ni ncha peke yake, imezama kabisa, kesi hiyo kwa kweli ni ya kufunguliwa. Kuichokoa kwa sindano ni kuibana zaidi, kwa sababu katika simu nyingi mwisho wa tundu umezibwa na ncha haina pa kwenda. Katika baadhi ya redio na kompyuta mpakato mwisho uko wazi, na hapo hatari ni nyingine: ncha inasukumwa ikaangukia juu ya bodi, kipande cha chuma kinachozurura kwenye njia za umeme. Usiwashe chombo mpaka kipande hicho kitolewe. Kwa mikisa na vinanda kazi huwa rahisi, unafungua skrubu za nyuma, unakisukuma kipande kutokea ndani, na ibada ya jioni inaendelea.

Fundi wa simu, awe wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli jijini Nairobi, ana njia mbili: kukisukuma kutoka ndani, au kubadili tundu zima. Kabla hajaanza, muulize tundu la modeli yako limekaaje. Katika baadhi ya simu liko kwenye utepe wake au kwenye bodi ndogo ya chini, na kulibadili ni suala la kufungua na kubana. Katika nyingine limelehemiwa kwenye bodi kuu, na linahitaji mashine ya hewa ya moto na mkono uliotulia. Bei za kazi hizi mbili hazilingani, na ni halali yako kuijua unayoilipia. Simu iliyoundwa kuhimili maji ina raba na gundi ya kuziba. Ikifunguliwa, usiipeleke tena kuogelea.

Ukiwa huna haraka ya kufungua, simu haijafa. Kama nilivyosema, ndani ya simu anayekata sauti ni programu, na kwenye Android kuna programu ndogo zinazolazimisha sauti irudi kwenye spika ya simu. Hazifui dafu kwa kila modeli, lakini kujaribu hakugharimu. Hedifoni za Bluetooth hazijali kilichomo tunduni. Wakati wa kuongea, bonyeza alama ya spika; mara nyingi hiyo hulipuuza tundu na sauti ikatoka.

Kipande kikitoka, angalia tena kwa tochi kama vilimi vimesimama sawa, kisha chomeka pini nzima uizungushe polepole huku muziki ukicheza. Masikio yote mawili yakisikia bila kukatika, tundu ni zima. Alama ya hedifoni ikibaki kwenye kioo ilhali tundu ni tupu, kilimi cha swichi kimepinda au kuna uchafu wa mfukoni: zima simu, sugua taratibu kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa spiriti kidogo sana, uache ikauke kabisa. Ikiwa bado, ni ya fundi, na umpelekee pia ile nusu ya pini uliyoibakiza, kwani bila hiyo itambidi akisie ni milimita ngapi anazitafuta.