Mangobo: Willy Gamba awagawa wasomaji
KISANGANI – Katika komini ya Mangobo, wasomaji wanabishana juu ya Kikosi cha Kisasi (1979), riwaya ya pili ya Mtanzania Elvis Musiba kuhusu mpelelezi Willy Gamba.

Wengine wanaipenda kuliko Kufa na Kupona ya 1974, kwa sababu safari hii Gamba anatua Kinshasa kupambana na maadui wa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wengine wanasema Kinshasa hiyo haina watu wa kawaida.

Walionusurika vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana Kisangani, wana neno zito zaidi: Gamba huwamaliza wauaji kabla kitabu kuisha. Mwaka 2022 mahakama ya The Hague iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325. Fidia, wanasema, siyo kumuona muuaji kizimbani.